Kumi inavunjwa, haikopwi

Mama Neema: Mbukwenyi ndugu. Neema yuko darasa la pili, kujumlisha anaweza ila kutoa kwa kukopa kunamshinda. 32 toa 8 ananiandikia 36 😔

Mjomba Yona: 36 kaipataje?

Mama Neema: Anasema 8 toa 2 ni 6, ile 3 anaishusha.

Shangazi Ester: Wifi, anatoa ndogo kwenye kubwa popote ilipo. Darasani kwangu wapo wengi. Usimgombeze. Una yale matofali ya plastiki ya kupachika?

Mama Neema: Lego? Yapo, ya mtumba, tulinunua Sabasaba. Mengine ya zamani kweli.

Lulu: Zamani si shida mama mdogo. Tofali la sasa linashikana hata na la 1958, mwaka waliposajili muundo wake kule Denmark.

Shangazi Ester: Chagua yanayolingana. Apachike kumi kumi, yawe minara. 32 ni minara 3 na vipande 2 pembeni. Mwambie akupe 8.

Shangazi Ester: Vile 2 havitoshi. Hapo wifi nyamaza, tafadhali, hata akikutazama. Atavunja mnara mwenyewe. Atakuwa na vipande 12, akupe 8, vibaki 4, na minara 2 imesimama.

Shangazi Ester: Ubaoni tunakata 3 tunaandika 2, mtoto haoni kumi imekwenda wapi. Hapa anaiona, kaivunja kwa mikono yake.

Babu: Sisi tulihesabia mbegu za ubuyu.

Shangazi Ester: Shikamoo baba. Mbegu zinafaa sana, ila kumi yake haishikani. Vijiti vikifungwa kumi kumi kwa mpira ni sawa kabisa na minara. Asiye na Lego asinunue.

Babu: Marahaba mwanangu. Vijiti tunavyo.

Mjomba Yona: Na kuzidisha je? Wangu yuko la tatu.

Shangazi Ester: Chukua lile tofali refu lenye vinundu 8. Mistari 2 ya vinundu 4. Ligeuze, mistari 4 ya vinundu 2. Bado 8. Halafu alifunike kwa mawili ya vinundu 4, hapo kashaanza nusu. Ila siku ya vinundu msihesabu vipande, watoto wanachanganyikiwa.

Lulu: Na wadogo chini ya miaka mitatu wasiyafikie, wanameza.

Mama Neema: Wifi!! Kavunja mnara! Kaniambia 24 🙌🏾 Sasa anataka nyingine.

Shangazi Ester: Asante Mungu. Mpe 50 toa 17. Minara 5, pembeni hakuna kitu, sifuri ndiyo inawatisha zaidi. Na safari hii daftari liwe wazi mbele yake: akivunja mnara, papo hapo akate 5 aandike 4. Asisubiri mpaka amalize.

Mama Neema: Naandaa meza sasa hivi.