Tupeane uzoefu: asubuhi kwenu kinaliwa nini, na kinapikwaje? (Mtwara na Lindi)

Mkorosho Mkubwa
Salaam wana Kusini. Bado kuna wanaoamini kifungua kinywa lazima kiwe chai na mkate, na anayekula muhogo au wali asubuhi anaonekana hana utaratibu. Mtu anayeingia kwenye mikorosho saa kumi na mbili na jembe begani hafiki saa sita kwa slesi mbili. Kwa maoni yangu chakula chochote kinafaa asubuhi ilimradi kimeandaliwa sawasawa. Wekeni vipimo, hatua na yanayoharibika.

Naanza na ming'oko, ile mizizi ya porini. Nunua iliyonyooka, ngumu, ambayo ukiivunja inalia na ndani ni nyeupe. Iliyolegea imekaa siku nyingi, na hata ikiiva ina nyuzi. Osha maji matatu, maana mchanga unajificha kwenye mikunjo. Chemsha na maganda yake, maji yafunike kabisa, chumvi kijiko cha chai kwa fungu moja, sufuria ifunikwe. Baada ya nusu saa hivi choma kwa kijiti. Kikipita bila kusukuma, mwaga maji hapo hapo. Ukiiacha humo inanyonya maji na ladha inapotea. Ganda unalisugua kwa dole gumba wakati wa kula, na chai ya mchaichai pembeni.

Bint Mikindani
Niongeze tahadhari, kaka. Ming'oko usiichanganye na ndiga. Zote ni mizizi ya porini, lakini ndiga ina sumu, na haitoki kwa kuchemsha mara moja. Inataka kukatwa vipande vyembamba na kulowekwa kwa siku kadhaa huku maji yakibadilishwa, na kazi hiyo ni ya mtu aliyefundishwa na wazee. Ukikuta mzizi hujui jina lake, uache.

Jiko la Kuni
Muhogo ndio wenye mambo mengi, naomba nirefushe.

Wa kuchemsha ni ule mtamu peke yake. Mchungu hauchemshwi mbichi ukaliwa, hata kama njaa inauma. Kabla ya kununua vunja ncha: ukiona mistari ya buluu au nyeusi ndani, umeshachacha. Muhogo ukishang'olewa una siku mbili tatu tu, kwa hiyo wa jana jioni ni bora kuliko wa sokoni wa juzi.

Menya maganda yote mawili, la nje la kahawia na lile nene la ndani. Pasua katikati, toa mti. Kwa kilo moja na nusu, chemsha kwenye maji mengi bila mfuniko dakika 20 hivi, kisha mwaga maji hayo. Wengi wanaona uvivu kuyamwaga, lakini sumu inayobaki inatokea humo na kwenye mvuke.

Sasa nazi 2 zilizokomaa. Kuna, kamua tui zito kwa kikombe 1 cha maji ya vuguvugu, liweke pembeni. Kamua tena mara mbili upate tui jepesi. Muhogo uivie kwenye tui jepesi pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili nzima isiyopasuka. Ukianza kupasuka pembeni, mimina tui zito, punguza moto, tikisa sufuria badala ya kukoroga na mwiko. Mwiko unauvuruga unakuwa rojo.

Uji wa unga wa makopa ni habari nyingine. Kama muhogo ulikuwa mchungu na ulikaushwa haraka haraka, unga bado una sumu. Changanya unga na maji mpaka ulowe wote, tandaza kwenye sinia usizidi unene wa sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, ndipo upike siku hiyo hiyo. Gesi ya sumu inaondoka yenyewe. Msidharau hili: anayekula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi, bila samaki wala kunde, anaweza kupata konzo. Miguu inapooza ghafla na haipati nafuu kamili.

Chipukizi
Shikamooni. Mbaazi zangu za nazi kila mara tui linakatika, juu mafuta, chini maji. Nakosea wapi?

Bint Mikindani
Marahaba mwanangu. Moto mkali, au umefunika. Mbaazi kavu vikombe 2 ziloweke usiku kucha, chemsha mpaka zibonyee kati ya vidole viwili. Tia tui jepesi zichemke, halafu tui zito mwisho kabisa, moto wa chini, sufuria wazi, ukikoroga upande mmoja bila kuacha. Likianza tu kutoa povu dogo pembeni, epua. Ndimu usiweke jikoni. Kila mtu akamulie kwenye sahani yake. Hizo na andazi la moto, mtu anashiba mpaka mchana.

Vitumbua vya Saa Kumi na Mbili
Nusu kilo ya mchele, loweka usiku. Asubuhi chuja, saga na kikombe 1 na nusu cha tui zito, vijiko 2 vikubwa vya wali uliopikwa, iliki punje 6. Saga mpaka ukisugua rojo kati ya vidole husikii chenga. Chenga ndiyo inayofanya kitumbua kiwe kama kimemwagiwa mchanga. Tia sukari nusu kikombe na hamira kijiko 1 cha chai, funika mpaka liumuke mara mbili. Kwa joto letu haizidi saa moja, na ukichelewa linachacha.

Kinachowashinda wengi ni chuma. Kipashe kikavu kwanza, kisha mafuta kijiko kidogo kila shimo, yapate moto ndipo umimine. Rojo likiingia lisikike. Usipousikia mlio huo, kitaganda. Geuza kingo zikikauka, katikati pakiwa bado mbichi kidogo.

Mkorosho Mkubwa
Na kiporo cha wali? Watu wengi wanakipenda na chai.

Jiko la Kuni
Ugali wa jana uliofunikwa, ukakatwa vipande na kukaangwa, sina neno. Wali ndio wa kuogopa. Una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kupika, na ukilala kwenye joto vinatengeneza sumu ambayo hata ukipasha tena haiondoki. Ukiwa na friji, tandaza wali kwenye sinia upoe upesi, uingize kabla ya saa moja kupita. Huna friji, pika wa kuisha. Wali wa nazi ukivuta uzi, mpe kuku.

Ngalawa ya Lindi
Supu ya pweza nayo ni ya asubuhi, tena ya kila mtu, si ya wanaume tu. Kilo moja mpondeponde kwanza, msugue kwa chumvi ya mawe mpaka utelezi uishe, suuza. Weka sufuriani na maji kikombe 1 tu, maana anatoa maji mwenyewe. Tangawizi, kitunguu saumu, moto wa wastani, funika dakika 45 hadi saa nzima. Usishangae kilo ikirudi kuwa nusu. Chumvi onja mwishoni, kwani ya bahari iko mwilini mwake, na ukitia mapema hutaweza kuitoa.