Stoo ya uani: chini niweke zege, kokoto au matofali tu?

Sandukuwazi
Wakuu habari zenu. Nataka kuweka stoo ndogo nyuma ya nyumba maana ndani vitu vimejaa hadi pa kupita hamna. Stoo yenyewe nshaagiza, inakuja vipande vipande unaunganisha mwenyewe. Nilipokwama ni hapo chini pa kuiweka. Mmoja ananiambia mwaga zege yaishe, mwingine anasema kokoto zinatosha, shemeji yangu yeye anasema panga tofali kwenye kona nne basi. Ipi bora? Mzigo unafika karibuni kwa hiyo naombeni majibu chapchap.

Nyundombili
Bora kwa nani mkuu? Hujataja ukubwa, hujasema ni ya mbao au bati, ina sakafu yake au haina, udongo wa aina gani, pametambarika au panateremka, na ndani unaweka nini. Hapo ni sawa na kumpigia fundi cherehani simu ukamwambia "nishonee" halafu ukakata.

Zege_Milele
Mwaga zege. Unene sentimita 10, wavu wa chuma ukae ndani ya zege na sio chini kabisa, umemaliza. Wajukuu wataikuta.

KokotoKwanza
Haya tumeanza na zege lenu. Stoo ndogo ya mbao kuimwagia zege ni kujitesa bure. Unatoa udongo wa juu wote wenye mizizi na nyasi, unatandika kile kitambaa cha kuzuia udongo usichanganyike na kokoto, unamwaga kokoto za kuvunjwa sio zile za mviringo za mtoni maana za mtoni hazishikani ukikanyaga zinakimbia, unashindilia kwa mashine tabaka moja kwanza ndio unaongeza la pili. Halafu kokoto zizidi stoo kama sentimita 30 kila upande, maji ya paa yaangukie hapo yazame, yasipige udongo yakarushia tope ukutani. Mbao zinaoza kwa sababu ya tope hilo, watu wanasingizia mvua.

Sandukuwazi
Asanteni. Ni futi 8 kwa 10, ya mbao, ina sakafu yake. Naweka majembe, baiskeli, makopo ya rangi, viti vya plastiki. Panateremka kidogo.

Nyundombili
Kidogo ndio kiasi gani? Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, jaza maji utoe mapovu yote, shika ncha moja kona ya juu na nyingine kona ya chini, maji yatalingana yenyewe, pima tofauti. Ukipata inchi mbili tatu ni stori moja, ukipata futi nzima ni stori nyingine kabisa. Na udongo bado hujasema.

mama_bustani
Mimi zege ninalo na ngoja niwaambie. Eneo langu lilikuwa linateremka hivyohivyo "kidogo". Fundi alikuja, akachimba upande wa juu, ule udongo alioutoa na majani yake na mizizi yake akausukuma upande wa chini ili pawe sawa, akaukanyagakanyaga kwa viatu, zege likamwagwa siku hiyohiyo. Lilikuwa zuri hilo, unaweza ukacheza bao juu yake. Mvua za kwanza tu upande wa chini ukaanza kuzama, ufa ukapita katikati kuanzia mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, mlango ukawa haufungi tena, unauinua kwa bega ndio unaingia. Na si hilo tu, zege alilifanya kubwa kuliko stoo akidhani ananipa zawadi ya kibaraza, kumbe maji ya paa yanaangukia ile pembe iliyozidi yanateleza yanaingia chini ya ukuta. Magunia ya mbolea yaliloa yote yakawa mawe. Nikimpigia simu ananiambia "mama hiyo nyufa ni ya kawaida". Nyufa ya kawaida inapita mkono?

Zege_Milele
Pole mama, ila hapo zege limeonewa. Kosa ni la kilichokaa chini yake. Udongo wa kujazia lazima usiwe na majani na ushindiliwe tabaka tabaka, la sivyo hata kokoto za huyu bwana zingezama. Na zege lilitakiwa lilingane na stoo au liwe pungufu kidogo, ukuta uning'inie nje kidogo maji yadondoke.

KokotoKwanza
Zingezama ndio, lakini unainua stoo kwa jeki, unaongeza kokoto, unashindilia, unaendelea na maisha. Zege likipasuka unafanyaje? Na hesabu uzito basi, futi 8 kwa 10 kwa sentimita 10 ni karibu robo tatu ya mita ya ujazo, tani 1.8 hivi. Changanya hiyo kwa beleshi halafu uje utusimulie mgongo.

Zege_Milele
Na wewe hesabu zako. Ukiongeza zile sentimita 30 kila upande, kwa unene huohuo, kokoto zako zinapita mita moja ya ujazo. Utazibeba kwa kijiko?

Nyundombili
😂😂 hapo kakupata

pembe_mraba
Mnagombana bure. Stoo ina sakafu yake, tofali zinatosha kabisa, shemeji yake hajakosea sana. Ila kona nne HAZITOSHI, sakafu itabonyea katikati ukipita na baiskeli. Weka safu chini ya kila boriti, na kila tofali likalie kokoto zilizoshindiliwa, lisikalie udongo wa bustani. Kwenye mteremko ndio raha yake, upande wa chini unaongeza tofali tu. Kabla ya yote piga vigingi kwenye kona, vuta kamba, upime pembe kwa pembe, zile mbili zilingane, kwa vipimo vyako itakuja futi 12 na inchi 10 kasoro kidogo. Zikipishana kuta hazitakutana.

Sandukuwazi
Udongo ni mwekundu. Mpira sijapata. Halafu kuna mfuniko wa chemba ya maji machafu pale kona, sijui kama inahusu.

Nyundombili
INAHUSU

mama_bustani
Mwanangu usifunike chemba. Siku ikiziba utabomoa stoo.

Zege_Milele
Kwa hili hata mimi simwambii amwage. Kama kuna chemba kuna bomba linapita, jua kwanza linapita wapi ndio ushike sululu.

pembe_mraba
Na rangi haitoshi kujua udongo. Loanisha kidogo, viringisha mkononi, ukitoka kamba nyembamba bila kukatika huo una mfinyanzi mwingi, unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, ndio unaoinuainua sakafu za watu.

mgeni_wa_zamu
Samahani kuingilia, nyumba yako au umepanga? Maana zege huondoki nalo.

KokotoKwanza
Swali la kwanza la maana tangu asubuhi.

mama_bustani
Ila mkisema tofali, pale chini panabaki uwazi panya wanahamia. Jirani yangu wamemkatia mpaka mpira wa bustani.

pembe_mraba
Wavu wa matundu madogo kuzunguka chini, ufukie mpaka ardhini. Usizibe na tofali pande zote, hewa lazima ipite.

mgeni_wa_zamu
Paka je?

mama_bustani
Paka wangu anawatazama tu.

Nyundombili
Sandukuwazi mchwa wapo huko kwenu? Na mlango unaelekea upande gani, wa juu au wa chini?