Tupeane uzoefu: Ulikopa kusoma shahada mseto, je, mshahara umelibeba deni?

Daftari Jipya (mwanzisha mada)
Ndugu zangu, mdogo wangu amepata nafasi ya kusoma shahada inayounganisha mazingira, takwimu na sera, nami nimeombwa kuwa mdhamini wa mkopo wake. Nilipoishika kalamu mkono uligoma, kwa sababu mimi mwenyewe nilisoma shahada ya namna hiyo na deni lake lilinichukua miaka 11. Waliopita njia hii watueleze: deni lenu lilikuwa kiasi gani mkililinganisha na mshahara wa mwaka wa kwanza, na waajiri waliisomaje shahada yenyewe?

Nusu Mhandisi
Umenikumbusha mambo niliyokuwa nimeyafukia. Nilikopa kwa mafungu manne yaliyo sawa, moja kila mwaka, kwa riba ya asilimia 6, nikidhani deni lingelala hadi nihitimu. Halikulala. Kwa kila 100 niliyokopa, siku ya mahafali nilidaiwa 115, kwa kuwa riba ilianza kuhesabiwa tangu fungu la kwanza lilipotoka, kisha ikaunganishwa na deni, nayo ikaanza kuzaa. Hata hivyo, kilichoniumiza zaidi ni usaili wangu wa saba. Nilikuwa nimechanganya kompyuta, isimu na saikolojia, mwenyekiti wa jopo akaigeuza karatasi yangu mara mbili, akauliza, “Sasa wewe tukuite nani?” Nilijieleza kwa dakika tano nzima, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Kazi akapewa aliyesoma kompyuta peke yake. Mimi niliajiriwa mwezi wa 14 baada ya kuhitimu, wakati kipindi cha neema, yaani muda wa kutodaiwa marejesho baada ya kuhitimu, kilikuwa kimekwisha miezi minane nyuma, na mshahara wangu wa mwaka ulikuwa mdogo kuliko deni.

Chumvi Kidogo
Swali hilo nami nimeulizwa. Nilijibu kwamba waniite wiki inayofuata, na hadi leo hawajaniita.

Mizania
Tupime kwanza, tulie baadaye. Deni linalolingana na mshahara wa mwaka mzima, likilipwa kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 6, hula takriban asilimia 13.3 ya mshahara kabla ya makato mengine. Nchini Marekani, moja ya vipimo vilivyowekwa na serikali mwaka 2023 kwa programu zinazoandaa watu kwa ajira kilikuwa kwamba marejesho ya mwaka yasizidi asilimia 8 ya mapato. Kwa riba na muda niliotaja, hilo ni deni lisilozidi kama asilimia 60 ya mshahara wa mwaka. Anayeambiwa kwamba kurefusha hadi miaka 20 ni nafuu ajue kuwa kwa kila 100 atarudisha takriban 172 badala ya 133. Kwa hesabu hizo, ukizitazama pamoja na wastani wa mapato ya waliosoma shahada mseto, shahada hiyo ni anasa kwa mtu anayekopa.

Mbegu Tatu
Hesabu yako imenyooka, ndugu Mizania, ila hukumu yako imepinda. Mapato ya shahada mseto unayoyazungumzia ni ya nani? Huko huko Marekani programu za fani mseto zimewekwa katika kundi nambari 30 la orodha rasmi ya programu za masomo, na ndani yake wamo wa sayansi ya data, wa masomo ya amani, wa makumbusho na wa elimu ya uzee. Wastani wa kundi hilo ni kama wastani wa kimo cha twiga na sungura: hakuna mnyama wa kimo hicho.

Mizania
Mkopeshaji hamdai twiga wala sungura, anamdai aliyesaini. Na wewe hujatuambia unalipwa kiasi gani.

Mbegu Tatu
Nalipwa kiasi cha kunitosha kulala usingizi, jambo ambalo nashuku wewe hulijui.

Mama Pacha
Mkimaliza kuvutana, nisikilizeni. Mdhamini wangu alikuwa mama. Nilipokosa kazi nilinyamaza, na kwa kuwa sikupokea barua yoyote, nikaamini kwamba mkopeshaji ananisubiri. Miaka miwili baadaye, nilipokuwa nikimsaidia mama kuhama chumba, niliinua godoro nikakuta barua 19 za madai, zote zimefunguliwa kwa kisu na kupangwa kwa tarehe. Alikuwa akilipa kutoka kwenye kiinua mgongo chake. Nilipomuuliza, alisema tu kwamba nilikuwa na usaili siku ile barua ya kwanza ilipofika, hakutaka niende nikiwa na mawazo.

Chumvi Kidogo
Mimi leo sina mzaha.

Kibatari
Mama yuko wapi sasa? Umemrudishia?

Mizania
Pole sana, dada. Nafuta neno anasa.

Bahari Tulivu
Pole, Mama Pacha. Daftari Jipya, kabla ya kuichunguza shahada, chunguza mkataba. Nchini Australia tangu 1989 marejesho hufuata kipato, na Uingereza (England) aliyeanza masomo tangu Agosti 2023 hukatwa asilimia 9 ya kinachozidi kiwango maalumu tu, na salio hufutwa baada ya miaka 40. Penye mkataba wa aina hiyo, mshahara mdogo hukuchelewesha tu. Penye rejesho lisilobadilika na mdhamini, hukuangusha wewe na mwenzako.

Nusu Mhandisi
Nami naongeza: kati ya fani tatu za mdogo wako, achague moja aizamie hadi aweze kuifanyia kazi peke yake.

Mbegu Tatu
Napinga. Mimi niliajiriwa kwa sababu nilikuwa peke yangu niliyewaelewa wanatakwimu na wanasheria katika kikao kimoja.

Mama Pacha
Kibatari, yuko hai, namlipa kila mwezi. Anaandika risiti.

Daftari Jipya
Nimeusoma mkataba upya. Ukurasa wa nne unasema riba inaanza siku fedha zinapotoka, na mdhamini anadaiwa baada ya marejesho matatu kukosekana. Sijasaini. Kesho tunakwenda wote wawili kuuliza kama anaweza kulipa riba peke yake akiwa bado chuoni, na kama barua zote zinaweza kuja kwake na kwangu kwa pamoja.

Chumvi Kidogo
Mkiwa huko, mwulizeni mdogo wako tumwite nani.

Daftari Jipya
Nimekwisha muuliza. Amesema mwanatakwimu.