Kwa nini viini vyenye protoni nyingi havitupi protoni iliyozidi?

Mwanagenzi: Ndugu wanajukwaa, florini-18 (namba ni jumla ya protoni na neutroni) hutoa positroni, yaani chembe kama elektroni lakini yenye chaji chanya, ikawa oksijeni-18, ilhali berili-7 hunasa elektroni yake yenyewe ikawa lithi-7; katika zote mbili protoni moja hugeuka neutroni. Ikiwa zote zimezidiwa na protoni, kwa nini njia zitofautiane, na kwa nini protoni hiyo isitoke tu?

Mchunguzi: Kinachoamua ni nishati. Kiini hakiwezi kutoa positroni mpaka tofauti ya tungamo kati ya atomu ya mwanzo na ya mwisho izidi kiloelektronivolti 1,022 (kipimo cha nishati, ambacho hutumika pia kwa tungamo), yaani tungamo la elektroni mbili. Florini-18 ina 1,656, hivyo inasaliwa na 634, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha nishati ya positroni zake. Hata hivyo, takriban asilimia 3 ya viini vyake hunasa elektroni. Berili-7 ina 862 tu, kwa hiyo haina njia nyingine ila kunasa. Kunasa hutegemea elektroni zilizo karibu na kiini; ndiyo maana nusumaisha yake (muda ambao nusu ya viini hubadilika) ya siku 53 hivi hubadilika kidogo mno kulingana na kampaundi iliyomo, na ndiyo maana katika miale ya kosmiki, yaani chembe zenye kasi kubwa kutoka angani, ambako imevuliwa elektroni zote, hudumu bila kubadilika. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzuri kuliko yote.

Mzee wa Maabara: Naongezea kuhusu protoni. Kuzidi kwa protoni hakumaanishi kwamba hazijashikiliwa: katika viini vyote viwili ulivyovitaja, kuing'oa protoni moja kunahitaji megaelektronivolti 5.6 hivi, yaani kiloelektronivolti 5,600. Ni pale neutroni zinapopungua mno ndipo protoni ya mwisho hukosa wa kuishika, na hata hapo hucheleweshwa na kizuizi cha umeme kinachokizunguka kiini, ambacho protoni hukipenya kwa kanuni za kikwanta (za chembe ndogo mno) pekee. Luteti-151, iliyogunduliwa Darmstadt, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutoa protoni kwa nusumaisha ya milisekunde 80 hivi.

Mwanagenzi: Nashukuru sana. Je, protoni mbili zaweza kutoka pamoja?

Mzee wa Maabara: Naam. Mwanafizikia wa Kisovieti Goldansky alilibashiri jambo hilo mwaka 1960, likathibitishwa mwaka 2002 kwa chuma-45 katika maabara za Ujerumani na Ufaransa. Protoni hupenda kukaa jozi jozi, na katika chuma-45 nishati iliyopo haitoshi kuitoa moja na kuiacha mwenzake, ilhali zikitoka zote mbili nishati inatosha.