Filta za sinthesaiza za kompyuta, mwazipimaje kwa sikio?

kinanda_likoni: Jamani hizi programu zinazoiga Minimoog, ile sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti) ya 1970, mimi nikifungua filta, yaani kile kinachokata sauti za juu, polepole zote naziona tamu tu, mwajuaje ipi nzuri?

besi_tudor: Ndugu yangu usiisikize ikiwa wazi, pandisha resonansi, yaani ule mkazo wa sauti pale filta inapokatia. Filta ya Moog yakata kwa ukali, desibeli 24 kwa oktava, na resonansi ikipanda besi hupungua, mpaka mwisho filta yenyewe yaanza kupiga mluzi, sasa hapo zungusha haraka nobu ya kufungua filta, mluzi ukikatikakatika badala ya kuteleza hiyo mimi siitaki.

kinanda_likoni: Nimejaribu sasa hivi na hedfoni, wallahi moja yakatika!

mwana_taarab: Na mlinganishe volyumu kwanza, yenye sauti kubwa kidogo hudanganya sikio kila mara.