Tupeane uzoefu: kumpeleka mtoto wa miaka minne Ujiji, kwenda na kurudi siku hiyohiyo

Heru Juu
Habari za jioni wanajamvi. Leo mwanangu kaona picha ya Livingstone, yule mmisionari Mzungu wa zamani, kwenye kitabu cha dada yake, kauliza huyu babu anakaa wapi. Dada yake kamjibu, Ujiji, pale Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Tangu hapo hatulali, ni Ujiji tu. Nataka nimpeleke Jumamosi, tutoke Kasulu na gari la alfajiri, jioni tuwe nyumbani. Safari yenyewe hainitishi, lami ipo. Kinachonitisha ni zile saa za katikati: jua, njaa, usingizi wa mchana, na kama kule makumbusho ya Livingstone kuna cha kumshika mtoto wa umri huu. Mliokwenda na watoto wadogo, nielezeni. Na yaliyowakuta mabaya msiyafiche.

Mgebuka Mbichi
Nenda dada, ila anza na ziwa, makumbusho baadaye.

Binti wa Mwanga
Hapana jamani, kinyume chake! Ukianza na ziwa humtoi mtoto pale mpaka magharibi. Ukishuka stendi chukua bajaji moja kwa moja. Daladala za Ujiji ni nyingi na nafuu, lakini zinajaza, utampakata mtoto na begi juu yake. Makumbusho asubuhi watu ni wachache na mwongozaji ana nafasi ya kuongea na mtoto. Wangu alisimama mbele ya zile sanamu mbili, Livingstone na Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, wameinua kofia wanasalimiana. Akangoja weee. Alipoona hawasemi akawaamkia yeye: "Shikamooni." Mwongozaji akamwitikia marahaba kwa niaba yao! Mpaka leo akiona mzee ana kofia anakimbilia kuamkia, ndicho alichokibeba Ujiji.

Mama Pacha Gungu
Wangu walilia kwa sanamu hizohizo. Watoto hawafanani.

Reli ya Kati
Utamu uko nje, chini ya miembe. Lile jiwe la kumbukumbu ya walipokutana lina ramani ya Afrika iliyopitiwa na msalaba, na tarehe 10 Novemba 1871. Miembe iliyopo inasemekana ni ya uzao wa ule mwembe waliokutania. Kivuli kipo, mtoto akimbie. Na ukimaliza umpeleke stesheni ya Kigoma, jengo la Mjerumani, reli ilifika pale 1914. Mtoto wa kiume atapenda treni kuliko Livingstone.

Mzee wa Kibirizi
Mnanikera kidogo, niwaambie ukweli. Kila mtu Ujiji ni Livingstone, Livingstone. Burton na Speke, wavumbuzi Waingereza, walifika Februari 1858, wakaukuta mji upo, una wenyewe, una biashara, mitumbwi inavuka ziwa. Livingstone alipokutwa na Stanley alikuwa mgonjwa, bidhaa zake zimeshauzwa na waliokabidhiwa. Mji ndio uliomtunza. Na pembe za ndovu na watu waliokamatwa ng'ambo walishushwa hapahapa, wakatembezwa hadi Tabora, kisha Bagamoyo. Zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu! Mama, ukimpeleka mtoto mwambie na hayo.

Mgebuka Mbichi
Shikamoo mzee. Miaka minne aelezwe minyororo? Usiku atalala kweli?

Mzee wa Kibirizi
Marahaba. Kwenye misafara ile walikuwamo wa umri wake. Sisemi umtishe. Akiuliza hiki chuma cha nini, asidanganywe kwamba ni cha kufungia ng'ombe. Nilimsikia mzazi mmoja akisema hivyo, iliniuma.

Binti wa Mwanga
Mzee nakuheshimu sana, lakini mtoto ni wa mama yake. Mama ndiye anayejua amwambie nini na lini.

Mama Pacha Gungu
Namuunga mkono mzee.

Nyanyembe
Naomba niandike maana hii mada imenishtua moyo. Mimi niko Tabora. Tulikwenda Kigoma kwa treni, mimi, wifi yangu na mwanangu, wakati huo ana miaka mitatu. Makumbusho tulimaliza salama. Tukateremka ufukweni, pale wanapounda maboti, kununua dagaa wa kurudi nao. Mtoto kashikwa mkono na wifi. Mimi nachagua dagaa, mama muuzaji anapima, wifi akaja kuonja kama hawana mchanga. Nageuka, mkono wa wifi uko mtupu.

Nikaita. Kimya. Nikaita tena kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Wale akina mama waliacha dagaa wao vilevile juani, wakasimama wote. Mmoja akaniuliza kavaa nini, nikasema fulana ya njano. Likapita neno pwani nzima: fulana ya njano, fulana ya njano. Vijana wa maboti wakaingia majini, wakashikana mikono mstari mmoja, wakawa wanasogea polepole wakipapasa chini kwa miguu. Jamani. Kumwona mtu anatafuta mwanao kwa nyayo chini ya maji! Magoti yaliniisha nikakaa mchangani. Kuna bibi alinifunga kanga yake kiunoni kwa nguvu, akaniambia usilie bado. Msikitini wakatangaza kwa kipaza sauti.

Sasa kulikuwa na boti moja kubwa imesimamishwa juu ya magogo, ngazi imeegemezwa, ndani unasikia nyundo tu, ko ko ko, haikomi. Bibi yuleyule akasema mbona huyu hajashuka kama wenzake. Ndani kulikuwa na fundi mzee anapiga kalafati, anashindilia pamba kwenye nyufa za mbao, na masikio yake hayasikii vizuri. Mwanangu yuko pembeni yake anachana pamba, anamkabidhi. Mzee alidhani ni mjukuu wa mtu wa palepale. Mtoto aliponiona akasema, "Mama, nafanya kazi."

Wale vijana walipotoka majini mmoja wao alikuwa analia. Hata jina lake sikuuliza, na kila nikikumbuka namwombea.

Mgebuka Mbichi
Nimesoma nimesimama.

Kasia
Na wifi je? Mlirudi treni moja?

Mama Pacha Gungu
Hilo la wifi nalo tuambie. Ningekuwa mimi...

Nyanyembe
Wifi alilia kuliko mimi. Tafadhali msimguse. Mtoto wa miaka mitatu anachomoka mkononi hata mwa mama mzazi.

Kasia
Hatumgusi, tunauliza tu.

Binti wa Mwanga
Hamuulizi, mnatafuta wa kulaumiwa. Mtoto alipatikana, alhamdulillahi. Heru Juu, chukua hili: mwandikie namba ya simu mkononi kwa kalamu, chini ya mkono wa shati, na umvalishe rangi inayoonekana mbali. Ile fulana ya njano ndiyo iliyopita mdomo kwa mdomo pwani nzima.

Kasia
Au mfunge na kanga kiunoni, wewe na yeye.

Mama Pacha Gungu
Mtoto si mbuzi.

Kasia
Wangu nilimfunga hivyo siku nzima na hakupotea.

Mgebuka Mbichi
Majini muache acheze, ziwa letu safi, unaona mpaka chini.

Dawa na Maji
Hapo nakukatalia kabisa. Maji kuonekana safi si hoja. Kichocho kipo kandokando ya ziwa, hasa penye majani na watu wengi. Mtoto atazame, aguse mchanga, asikae majini. Maji ya kunywa mbebee ya kuchemsha, na kofia. Saa sita mpaka saa tisa muwe kivulini. Chakula cha mchana muulizie samaki aitwaye kuhe, minofu yake mikubwa. Mgebuka mtamu lakini kwa mtoto utakaa unatoa miiba mpaka ugali upoe.

Mgebuka Mbichi
Nimeoga ziwa hili tangu utoto.

Dawa na Maji
Na ulishawahi kupima?

Reli ya Kati
Stesheni imesahaulika, na Liemba pia. Ile meli imejengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipandevipande ikaunganishwa hapa Kigoma, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Mtoto akiambiwa meli ilizama ikafufuka atakumbuka mpaka uzee.

Nyanyembe
Siku nyingine uje Tabora dada, Kwihara kuna tembe, nyumba ya udongo ya kizamani, alilokaa Livingstone 1872 baada ya kuachana na Stanley. Ni nje kidogo ya mji, pametulia, na ziwa hakuna.

Heru Juu
Nyanyembe, nimekusoma nikaenda kumtazama wangu alipolala. Pole sana dada, na asante. Nimeamua: bajaji, makumbusho kwanza, miembe, chakula, alale kwenye mkeka kivulini, ndipo ziwa nikiwa nimemshika mimi mwenyewe. Dada yake nitakwenda naye pia, tuwe mikono miwili. Mzee wa Kibirizi, akiuliza chuma ni cha nini nitamwambia watu walifungwa, na haikuwa haki, basi. Mengine akikua. Stesheni na Liemba hapana, siku haitoshi.

Reli ya Kati
Stesheni ni dakika kumi tu dada.

Binti wa Mwanga
Dakika kumi zako na mtoto mwenye usingizi ni saa nzima.

Mzee wa Kibirizi
Umesema vyema mama. Ukifika mwambie mwongozaji tangu mlangoni kwamba una mdogo, aanze na miembe, ndani msikae sana. Dagaa nunua mwisho kabisa, na mtoto akiwa mgongoni. Kama mbalamwezi ni kali wiki hiyo, usitegemee dagaa wabichi, wavuvi huwa hawatoki. Jumamosi hii mwezi ni mwandamo, watakuwepo.