Gongo la kuchongesha: mgongo wa kuchimbwa au ubapa mfupi?

Mchangamwe_Malindi
Salaam aleikum. Nimepata kipande cha willow ya Kashmir, mti wa kuchongea magongo, na fundi wa samani hapa Malindi amekubali kunichongea gongo la kriketi. Anataka jibu Ijumaa. Nilichimbishe mgongoni, au nifanye ubapa mfupi na mpini mrefu? Lipi zuri?

Kaskazi
Waaleikum salaam. Mpira wa ngozi au wa tenisi? Wewe una kimo gani? Kipande kina uzito gani? Unauliza kama mtu anayetaka kanzu bila kupimwa.

Nahari
Chimbisha mgongo, usiulize mara mbili. Gray-Nicolls, watengenezaji wa magongo, walitoa Scoop, gongo la mgongo uliochimbwa, mwaka 1974 na halikuwa pambo. Mbao ikitoka katikati, uzito unabaki kingoni, basi hata mpira ukigusa pembeni gongo halikupindukii mkononi.

MpiniMrefu
Mambo ya wazee hayo. Matthew Hayden wa Australia alishika Mongoose, gongo la mpini mrefu, kwenye IPL, ligi ya India, 2010 akiwa timu ya Chennai. Ubapa mfupi, mbao yote iko panapopiga.

Kaskazi
Hayden alikuja kupiga tu. Mpira ukikupandia mbavuni utauzuia na nini, mpini?

MwanaAmu
Ndugu, kabla ya muundo muulize fundi mpini ataufungaje. Mimi nilichongesha huku Lamu kwa fundi wa milango, mtu hodari kwelikweli. Nikamwambia willow, akanicheka: mbambakofi upo, willow ya nini? Gongo likatoka linang'aa, na nakshi mgongoni sikuomba. Kuliinua sasa! Mpira umeshanipita ndio kwanza mikono inapanda. Nikalirudisha, akachimba mgongo kulipunguza, bado zito, akachimba tena mpaka katikati pakawa pembamba. Mpini nao ni mbambakofi uleule, si henzerani zilizogundishwa na raba katikati, kwa hiyo kila pigo nalisikia kwenye kiwiko. Na kiungo chenyewe alikitia ulimi mfupi wa mlango badala ya kabari ndefu ya V. Siku ya mechi ufukweni Shela nilipiga kwa nguvu, mpini nikabaki nao, ubapa ukamfuata mrushaji. Namshukuru Mungu alikuwa mwepesi. Nilipomwendea fundi akasema nimepiga vibaya.

MpiniMrefu
😂😂 Lakini mbambakofi unaruhusiwa? Si lazima iwe willow?

Nahari
Kanuni inataka ubapa uwe mbao tupu, haitaji mti gani. Dennis Lillee wa Australia alipoingia na gongo la alumini Perth, Desemba 1979, Brearley, nahodha wa Uingereza, akalalamika linaharibu mpira, likatolewa, na kanuni hiyo ya mbao tupu ikawekwa baadaye.

PwaniTupu
Basi mwanzi. Watafiti wa Cambridge walionyesha 2021 kwamba unasukuma mpira kuliko willow.

Nahari
Na MCC, watunzi wa kanuni za kriketi, wakajibu hapohapo: haukubaliki. Mwanzi ni jamii ya nyasi.

PwaniTupu
Nyasi inayojenga nyumba? Nani atakuja kukagua Malindi!

Kaskazi
Akicheza ligi Mombasa atakaguliwa. Upana usizidi sentimita 10.8, kingo 4.0, unene 6.7. Ndiyo maana nauliza MPIRA GANI. Wa tenisi chonga upendavyo. Wa ngozi, uso lazima ushindiliwe kwa roli kabla ya kuchongwa, na fundi wa samani hana roli hiyo. Usiposhindilia utapasuka, mgongo uwe umechimbwa au haukuchimbwa.

Mchangamwe_Malindi
Ahsanteni sana. Mimi si mrefu sana. Kipande sijakipima. Fundi anasema ana mafuta ya kitani.

Kaskazi
Mafuta sikuuliza.

MwanaAmu
Muulize ya V, ndugu yangu. Ya V kwanza.

MpiniMrefu
Mfupi ndiye anayefaa mpini mrefu!

Nahari
Mfupi anahitaji gongo fupi zima, si mpini mrefu. Tikolo na wenzake wa timu ya Kenya walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, Durban, kwa magongo ya kawaida.

PwaniTupu
Usinikumbushe. Baada ya Durban kriketi yetu ikaenda wapi?

Nahari
Fungua uzi mwingine, hiyo hatuimalizi leo.

PwaniTupu
Nafungua. Halafu kuna mtu ana pedi za kuazima Jumamosi? Za mkono wa kushoto.

Kaskazi
Na glavu je? Nazo zina kushoto.